Usiikaze: jibu kwa anayeamka na mgongo uliopinda kwenye bembea ya kambini

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nimenunua bembea ya kulalia kwa ajili ya kupiga kambi, ile ya kitambaa chepesi cha nailoni inayokunjwa ikaingia kwenye mfuko mdogo. Ina urefu wa mita 2.6, na mimi nina urefu wa sentimita 180. Nimeilalia mara nne. Naikaza kadiri ya nguvu zangu ili iwe bapa kama kitanda, lakini nikiingia tu inanikunja kama ndizi. Mabega yanabanwa, magoti yanauma kwa nyuma, na ikifika saa tisa usiku mgongo umeshapoa ingawa nimo ndani ya mfuko wa kulalia. Isitoshe, nimezoea kulala ubavu. Je, kuna namna ya kulala humu nikaamka mzima, au nirudi zangu kwenye hema?

Jibu:

Ndugu yangu, usiirudishe kwenye mfuko wake bado. Una malalamiko manne: kukunjika, mabega, magoti na baridi. Matatu ya kwanza yana chanzo kikuu kimoja, nacho umekitaja mwenyewe: unaikaza kadiri ya nguvu zako. Bembea haikazwi. Huachwa ilegee, kisha mtu akalala ndani yake kwa mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule. Baridi ina tiba yake peke yake, nitaifikia.

Karibu kila mtu niliyemfundisha kufunga bembea alianza kama wewe, na sababu yake inaeleweka. Jicho linaona kitambaa kilichonyooka, akili inasema hapo na mgongo utanyooka. Ila kitambaa kinanyooka kikiwa kitupu tu. Ukishaweka uzito katikati yake kinashuka, na kwa kuwa hakina ziada ya kukupa, kingo zake mbili zinapanda na kukufunika kama ganda la njugu. Hapo ndipo mabega yanabanwa. Na kwa kuwa kingo zimepanda, huna pa kwenda isipokuwa kwenye mstari wa katikati, ambao ndio umepinda kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwa hiyo kukaza kunakunyang'anya ile nafasi ya pembeni ambayo ingekunyoosha.

Kuna na suala la usalama. Chukua mtu wa kilo 80. Mikanda inayofunga bembea kwenye miti ikishuka kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa usawa, kila upande unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 80. Ukiikaza hadi ibaki nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa karibu kilo 230. Ikibaki nyuzi 5, ni karibu kilo 460, na mtu ni yuleyule. Kamba iliyowahi kunikatikia usiku wa manane ilikuwa nzima kabisa nilipoifunga. Nilikuwa nimeivuta mpaka karibu na usawa, ikabeba mzigo ambao haikutengenezewa. Niliangukia kiuno, na wiki nzima nilikuwa nachechemea. Tangu siku hiyo naipima pembe kabla sijakaa.

Kuipima hakuhitaji kifaa. Nyoosha mkono mmoja mbele yako, kidole cha shahada kielekee mti kikiwa sawa na ardhi, na dole gumba lisimame wima, kama mtoto anayeigiza bastola. Sasa vuta mstari wa kufikirika kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya shahada. Mteremko wa mstari huo ni takriban nyuzi 30. Simama kando ya mkanda, uulinganishe na mstari huo. Mkanda ukilala zaidi kuliko mstari wa vidole, legeza. Ukisimama zaidi kidogo, si vibaya, ingawa ukizidi sana bembea inakuwa na tumbo refu na kitako kinazama.

Njia ya uhakika zaidi, ambayo ningependa uitumie maadamu bado unajifunza, ni kuiwekea bembea kamba ya juu. Hii ni kamba nyembamba isiyovutika, ya unene wa milimita 2 au 3, inayotoka ncha moja ya bembea hadi ncha nyingine ikipita juu yako. Kazi yake ni kuzuia ncha mbili zisitengane kupita kipimo, hata ukikosea kufunga kwenye miti. Ipe urefu wa asilimia 83 hivi ya urefu wa kitambaa. Kwa bembea yako ya mita 2.6 hiyo ni mita 2.16. Ukiwa umeshalala ndani, ibane kamba hiyo kwa vidole viwili na uipinde: ipindike kidogo kwa upinzani. Ikiwa ngumu kama waya, mikanda yako bado imekazwa mno. Sogeza mikanda, kamba iache kama ilivyo. Faida yake kubwa ni kwamba ukishapata ulegevu unaoupenda, utaupata tena popote utakapofunga, miti iwe karibu au mbali. Vilevile ni mahali pazuri pa kutundika tochi, miwani na chandarua.

Miti ikiwa na nafasi ya mita 4 hivi, mkanda ukifungwa kimo cha mita 1.6 utakuweka mahali pazuri. Kila nafasi ikiongezeka kwa mita moja, pandisha mikanda kwa karibu sentimita 29 ili pembe ibaki ileile. Kipimo cha mwisho ni wewe mwenyewe: kaa katikati, na kitako kiwe sentimita 45 hivi kutoka chini, kimo cha kiti cha kawaida, nyayo zikigusa ardhi. Wengi hupenda kujitundika juu zaidi kwa sababu inapendeza kwenye picha. Sikushauri hata kidogo. Usiku unashuka ukiwa na usingizi, gizani, na kila sentimita ya ziada ni ya kuangukia.

Sasa tuje kwenye kulala kwenyewe.

Chukua taulo dogo na mwiko. Kusanya ncha mbili za taulo, moja kila mkono, uliache lilegee katikati. Mwombe mtu auweke mwiko kwa urefu, kutoka mkono wako wa kushoto hadi wa kulia. Utaona taulo linaukunjia mwiko kingo zote mbili na ncha zake zinanyanyuka. Kama mwiko ungekuwa na kiuno, ungekuwa umepinda. Sasa auzungushe kidogo, ncha moja isogee kwako na nyingine isogee kwake. Taulo linafunguka. Kingo zinashuka, mwiko unalala juu ya kitambaa kilichotandazika. Hiyo ndiyo siri yote ya kulala kwenye bembea, na mtu akishaiona mikononi mwake huwa haisahau.

Watu waliotuachia chombo hiki wanaijua tangu zamani. Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wakilala kwenye nyavu za pamba zilizotundikwa, na neno lao hamaca ndilo Wazungu waliloenda nalo. Katika rasi ya Yucatán, Mexico, watu wengi mpaka leo wanalala ndani ya bembea nyumbani kila siku ya maisha yao, na hulala kwa mshazari, wengine karibu kukingama kabisa, kwa sababu bembea zao za nyuzi zilizofumwa ni pana mno. Wanaolala kwa kufuata mstari wa katikati ni sisi wageni.

Namna ya kuingia ina maana yake, maana ukiingia vibaya utatumia dakika kumi ukijivutavuta. Simama ukiupa mgongo ukingo wa bembea, katikati kabisa ya urefu wake. Shika ukingo kwa mikono yote miwili nyuma yako, utandaze kitambaa mpaka kifike chini ya makalio na mgongoni, kisha kaa taratibu huku ukikikabidhi uzito wako kidogokidogo. Ukishaona mikanda imetulia, lala ukifuata mstari wa katikati kwanza, miguu ndani. Halafu nyanyua nyonga kidogo, zisogeze, peleka visigino upande wa kulia kama sentimita 30 kutoka mstari wa katikati, na mabega na kichwa upande wa kushoto kwa kiasi hichohicho. Kwa mtu wa kimo chako hiyo ni takriban nyuzi 20 kutoka kwenye mstari. Kati ya nyuzi 15 na 30 ndipo watu wengi wanapopata raha.

Utajua umefika kwa kusikiliza mwili. Kitambaa kilichokuwa kimekubana mabega kinaachia ghafla, kana kwamba mtu amekifungua kifungo. Kiuno kinashuka. Shingo, ambayo ilikuwa imeinama kidevu kikikaribia kifua, inarudi nyuma. Usipohisi mabadiliko hayo, bado umo kwenye mstari, au bembea bado imekazwa.

Kuhusu kichwa kiwe kushoto au kulia, bembea yenye umbo sawa pande zote haina ubaguzi, jaribu zote mbili. Mwili wa mtu haulingani pande zote, na mara nyingi upande mmoja utakukaa vizuri kuliko mwingine bila sababu unayoweza kuitaja. Lakini zipo bembea zilizokatwa makusudi kwa upande mmoja, zikiwa na mfuko wa miguu au chandarua kilichochongoka pembeni. Hizo fuata zilivyoshonwa.

Jambo linalofuata ni dogo lakini limewaokoa wengi: pandisha upande wa miguu. Kiwiliwili ni kizito kuliko miguu, na kizito hutafuta bonde. Ukifunga pande zote mbili kimo kimoja, usiku mzima kiwiliwili kinateleza kuelekea katikati na kuisukuma miguu mbele, na alfajiri unajikuta umejikunja upande wa miguu. Mkanda wa miguuni uwe juu ya ule wa kichwani kwa sentimita 20 hivi, shibiri moja ya mkono. Ukiona bado unateleza kuelekea miguuni, ongeza. Ukiona unateleza kuelekea kichwani, au damu inajaa usoni, umezidisha. Usiogope kwamba utalala miguu juu. Kwa sababu ya mpindo wa kitambaa, ukiwa ndani mwili unakuwa karibu na usawa.

Magoti sasa. Maumivu ya nyuma ya goti yanatokana na kitu ambacho unaweza kukigusa. Ukiwa umelala kwa mshazari, pitisha mkono chini ya miguu, karibu na mashavu ya miguu. Utakutana na mstari mgumu wa kitambaa uliosimama kama tuta la shamba. Huo ndio mstari wa katikati wa bembea, umekazika kwa sababu mzigo unapita hapo, na miguu yako inaupanda. Tuta likiwa chini ya mashavu ya miguu, linayanyanyua, visigino vinaning'inia upande wa pili na goti linasukumwa kinyume cha linavyokunjika. Saa moja ya kwanza huhisi kitu. Baada ya saa tano unaamka na magoti ya mzee.

Tiba ya haraka ni kuweka kitu laini chini ya magoti, ili yabaki yamekunjika kidogo: koti lililoviringishwa, au mfuko wa nguo. Lisiwe nene, unene wa ngumi umetosha. Tiba ya pili ni kulegeza zaidi, maana tuta hukua bembea inapokazwa. Na tiba ya kweli ni urefu.

Hapo lazima niseme nawe wazi. Bembea ya mita 2.6 kwa mtu wa sentimita 180 ni fupi. Ni nzuri kwa kupumzika mchana na kitabu. Kwa usiku kucha, ufupi unakuzuia kwenda mshazari wa kutosha, kwa sababu karibu na ncha kitambaa kimeshakusanyika na hakina upana wa kupokea kichwa wala visigino. Ulegeze vipi, ufunge vipi, tuta la katikati litabaki kukutafuta. Mtu wa kimo chako anahitaji kitambaa cha mita 3.3 hivi, na upana wa mita 1.5 kwenda juu. Upana peke yake hausaidii. Nimeona watu wakinunua bembea ya watu wawili wakidhani ndiyo kubwa, kumbe ni ileile fupi iliyoongezwa upana, na kitambaa cha ziada kinawapepea usoni usiku mzima. Kabla ya kununua nyingine, fanya yote niliyoeleza na hii uliyonayo. Utapata nafuu kubwa. Ukiona umebakiwa na magoti tu, basi utakuwa unajua kwa yakini kwamba kilichobaki ni urefu.

Umesema unalala ubavu. Inawezekana, tena vizuri, lakini si kwa mwili ulionyooka. Anza chali, kwa mshazari uleule. Kunja magoti yote mawili, kisha nyanyua nyonga uzigeuze mahali pale ulipo. Usijiviringishe kama uko kitandani, kwa sababu ukijiviringisha unarudi kwenye bonde la katikati. Magoti yaliyokunjwa yaegemee upande wenye nafasi. Bega la chini lina tabia nzuri kwenye bembea: linazama kwenye kitambaa badala ya kugandamizwa na ardhi ngumu, na wengi wanaosumbuliwa na bega au nyonga kwenye godoro la kambi hunishukuru kwa hilo. Mkono wa chini uutangulize mbele ya kifua, usiulalie. Ukiweka nguo laini katikati ya magoti, nyonga ya juu haitavuta kiuno. Jambo moja utakaloliona ni kwamba hutageuka mara nyingi kama ulivyozoea. Kugeuka kwingi usiku ni mwili kukimbia sehemu iliyobanwa, na hapa kinachobana ni kidogo.

Anayelala kifudifudi ndiye nisiyemdanganya. Bembea ya kukusanywa ncha mbili itamkunja mgongo kinyume, na sijaona ufundi wa kuondoa hilo. Zipo bembea za namna nyingine, zenye fito mbili za kutanua kitambaa, moja kichwani na moja miguuni, nazo hulaza mwili bapa zaidi. Ni nzito kubeba, na zile zenye fito ndefu sana, za kutundika bustanini, hupinduka kirahisi kwa kuwa mtu analala juu ya kitambaa kilichokazwa badala ya kuzama ndani yake. Usizichanganye na za kambini.

Mto uwe mdogo kuliko unavyodhani. Bembea yenyewe imeshanyanyua kichwa, kwa hiyo mto wa kitandani utakusukumia kidevu kifuani. Uweke chini ya shingo, kwenye lile pengo kati ya bega na kisogo, kichwa chenyewe kikilala karibu na kitambaa. Skafu au fulana iliyokunjwa inatosha.

Nimefika kwenye ile baridi ya saa tisa usiku, na hapa mfuko wako wa kulalia hauna kosa. Mfuko hukupa joto kwa hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au pamba yake. Juu yako manyoya yamejaa hewa. Chini yako umeyalalia, yamebanwa yakawa membamba kama kitambaa cha kawaida, na hewa imetoka. Mtu aliyelala chini angalau ana ardhi; wewe mvunguni mwako kuna upepo unaopita na kuliondoa joto kila linapojitokeza. Ndiyo maana mtu anaweza kutetemeka kwenye bembea usiku ambao hemani angejifunua. Wengi huanza kuihisi baridi ya mgongoni hewa inaposhuka chini ya nyuzijoto 20 hivi, kiwango ambacho hakuna anayekiita baridi akiwa nyumbani.

Kuongeza nguo juu hakutasaidia, tatizo liko chini. Njia rahisi ni godoro jembamba la sponji, lile la kuviringisha, ndani ya bembea. Linafanya kazi, ila lina mambo yake: linateleza, na upana wake wa kawaida wa sentimita 50 unaacha mabega nje, na bega linalogusa kitambaa kitupu ndilo litakalokuamsha. Bembea yenye kitambaa cha tabaka mbili inakuwezesha kuliingiza katikati ya tabaka, likatulia. Ya tabaka moja, liingize ndani ya mfuko wa kulalia ulale juu yake, na ukate kipande kingine cha sponji ukikingamishe mabegani. Ukitumia godoro la kujaza upepo, lijaze nusu tu; likijaa litakuwa gumu na kukurudisha kwenye mstari.

Njia bora ni mfarishi wa chini, yaani mfarishi uliotengenezwa kuning'inia kwa nje, mvunguni mwa bembea, ukifuata umbo la mgongo wako. Kwa kuwa haulaliwi, hewa yake inabaki ndani. Unataka uuguse mgongo kwa wepesi. Ukiwa umelala, tuma mkono wako nje, uusukume mfarishi juu kwa kiganja. Ukihisi unasafiri hewani kabla ya kukugusa, kuna pengo, na upepo utaingia humo. Fupisha kamba zake. Ukihisi umebanwa kama ngozi ya ngoma, umeua hewa yake, legeza. Ukishaupata, usiku wa baridi kwenye bembea unakuwa raha ambayo maneno yangu hayataifikia.

Usisahau kwamba mbu nao wanaujua mvungu. Kitambaa chembamba cha tabaka moja hakiwazuii, wanauma kupitia hapohapo kilipokaza kwenye ngozi. Chandarua kinachozunguka bembea nzima pamoja na chini yake, au sponji, au mfarishi, chochote kati ya hivyo kitawaweka mbali na mgongo wako.

Miti nitaisema kwa ufupi lakini kwa msisitizo. Iwe hai, shina lisipungue sentimita 15 kwa upana, na uangalie juu kabla ya kufunga: tawi kavu lililokwama huanguka bila upepo. Usitegemee nguzo usiyoijua msingi wake wala ukuta wa tofali uliosimama peke yake. Watu wameumia vibaya kwa kuangukiwa navyo vilipovutwa na bembea. Mkanda uwe na upana wa sentimita 2.5 au zaidi ili usikate gome, na uwe wa poliesta, maana nailoni huvutika, hasa ikilowa, na uliyelala juu unaamka kitako kikigusa nyasi. Chini yako pawe na udongo au majani, siyo mawe. Bembea mbili zisifungwe moja juu ya nyingine. Mtoto mchanga asiachwe alale humu hata kwa usingizi mfupi. Kitambaa kinamkunja kidevu kifuani na kinaweza kumfunika pua. Na mwenye tatizo la uti wa mgongo linalojulikana na daktari wake amuulize kwanza, kwani kuinuka kwenye bembea kunahitaji tumbo na kiuno.

Kuhusu kule kuyumba, ambako hukukuuliza lakini wengi wanakuogopa: mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakiwemo Sophie Schwartz na Michel Mühlethaler, waliwalaza wanaume 12 usingizi wa mchana wa dakika 45 kwenye kitanda kilichobembea polepole, mara moja kila sekunde 4, kisha siku nyingine kwenye kitanda hichohicho kikiwa kimetulia. Kikibembea, usingizi uliwachukua haraka zaidi na wakazama zaidi. Wewe pia utaona kwamba yumbayumba ndogo inakubeba. Ikikutia kizunguzungu, funga uzi mwembamba kutoka ukingo wa bembea hadi kwenye kigingi kilichochomekwa ardhini pembeni, mwendo unakufa. Na uzi huohuo, ukiushika mkononi, unaweza kujibembeza kwa kuuvuta kidogo.

Fanya hivi wiki hii. Funga kamba ya juu ya mita 2.16, pandisha miguu kwa shibiri moja, lala mshazari na kitu chini ya magoti, na ufanye majaribio hayo nyumbani kabla ya kambini, siku tatu mfululizo. Ukianzia hapo, usibadilishe mambo mawili kwa usiku mmoja, vinginevyo hutajua kipi kilichosaidia. Ukipata kipimo kinachokukaa, tia alama ya wino kwenye mkanda pale fundo linapokaa. Siku ya nne, ukiwa bado na maumivu, niandikie ni upande gani wa goti yaliko, la kushoto au la kulia, na kichwa chako ulikielekeza wapi. Mara nyingi kugeuza tu kichwa kwenda upande mwingine ndiyo dawa iliyokuwa imebaki.